Ulimi Uliosoma

Wahenga walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele ya darasa. Nilikuwa nikifundisha ngeli ya A-WA, nikaandika ubaoni: mkulima, mvuvi, mkoma. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akainamisha kichwa, wala hakukiinua hadi kengele ilipolia. Baadaye nilifahamu kuwa mama yake aliwahi kuugua ukoma. Mama alikwisha kupona. Neno langu ndilo lililomrudisha ugonjwani.

Kosa hilo lilinirudia hivi karibuni nikisoma habari za Nagashima, kisiwa cha Japani ambako makazi ya wagonjwa wa ukoma yalifunguliwa mwaka 1930. Sheria ya kuwatenga haikufutwa hadi 1996, ingawa dawa ilikuwa imepatikana miongo mingi kabla. Wengi walizeekea humo. Wapo waliopofuka, na vidole vyao vikafa ganzi hata wasiweze kupapasa maandishi ya nukta nundu. Wakajifunza kuyasoma kwa ncha ya ulimi, na ndimi zikatoka damu. Mwaka 1953 vipofu wa huko walianzisha bendi ya vinanda vya mdomo, na muziki wao wakausoma vivyo hivyo.

Katika makazi ya namna hiyo nchini Japani, Ubuddha wa Jodo Shinshu ulipata wafuasi wengi. Imani hiyo haimdai mtu mwili mkamilifu wala matendo makuu. Yatosha kulitamka kwa shukrani jina la Amida, Buddha wa huruma isiyo na mipaka. Namfikiria mzee wa huko, kikongwe asiyeona: asubuhi ulimi wake hulitaja jina hilo, adhuhuri hupita juu ya nukta za shairi, jioni huufuata wimbo. Kiungo kimoja kimebeba ibada, kisomo na sanaa.

Sisi washairi hujisifu kuwa twaonja maneno. Wazee wale waliyaonja kweli. Aliyelipata neno kwa damu hawezi kulitupa ovyo, kama nilivyolitupa langu ubaoni.

Siku hizi naandika "mtu aliyeugua ukoma". Ni maneno matatu badala ya moja, nayo huvuruga mizani ya mshororo. Mizani hurekebishika. Yule msichana sikupata kumwomba radhi, na jina lake ningali nalikumbuka.