Kamera yangu na uso wa nyanya

Nyanya ana miaka 91 na hakai kupigwa picha mara ya pili. Kamera yangu ndogo ya dijitali nayo, jioni taa ikiwa moja sebuleni, hutoa kalenda ya ukutani safi kabisa na kumwacha nyanya kama moshi.

Jamani, si uchawi, ni hesabu. Kamera yenyewe haipimi umbali. Programu yake husogeza lenzi mbele na nyuma ikitafuta mahali ambapo tofauti ya mwanga na giza ni kali zaidi, kisha husimama hapo. (Wanaoandika programu watautambua mchezo huu: unapanda mlima, unaishia kwenye kilele cha uongo.) Uso mweusi kwenye mwanga hafifu hauna kingo kali. Kalenda inazo, basi inashinda.

Siku hizi naiachia kamera nukta ya katikati pekee. Naielekeza kwenye maandishi ya leso yake, nabonyeza kitufe nusu, nashikilia, napanda hadi usoni bila kusogea, namalizia. Umbali ni karibu uleule. Flashi naizima, humfumbisha macho.