Gharama ya Kipupwe

Waswahili wa pwani wana neno kipupwe, nalo kwao lina utamu wake: ni miezi ya Juni hadi Agosti, joto lipunguapo na usingizi kuwa mnono. Wakikuyu wa Thika na Ruiru huuita msimu huo gathano, na hapo utamu hukoma. Miji hii iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Pepo za kusini-mashariki huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi, mawingu hutanda chini, na jua huweza kukosekana tangu asubuhi hadi jioni.

Msichana mmoja wa Malindi, aliyekuja kusomea Thika na kupanga chumba cha mabati Ruiru, aliijua tofauti hiyo tumboni. Sahani ya ugali iliyomtosha kwao haikumtosha tena, ilhali kazi yake ilikuwa ile ile ya kuketi na kusoma.

Mshangao wake una jibu. Mwili uliolala kimya, katika joto la wastani na bila kula kwa saa 12, bado huchoma akiba yake ili moyo upige na mapafu yapumue. Kiwango hicho cha chini ndicho umetaboli wa msingi. Kwa mtu asiyefanya kazi za sulubu, huchukua yapata asilimia 60 hadi 70 ya nguvu za siku. Baridi ikiingia, mwili hulazimika kuongeza juu yake ili kuhifadhi joto la nyuzi 37. Mishipa ya ngozi husinyaa. Mafuta ya kahawia, ambayo tafiti za mwaka 2009 zilithibitisha kwamba hata watu wazima wanayo, huchomwa. Kisha misuli hutetemeka. Kwa waishio katika baridi kali daima, mathalani Wainuit, umetaboli wa msingi wenyewe umepanda.

Baridi ya Thika haifiki huko. Blanketi zito, sweta na uji wa moto huuondolea mwili deni hilo. Asiye navyo hulipa kwa chakula, na chakula kikipungua, hutafuta moto.

Usiku mmoja wa Julai, binti huyo aliingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Mama jirani akabisha hodi.

"Mwanangu, litoe hilo jiko kwanza, salamu baadaye."

"Nimeganda, mama."

"Heri kuganda. Ukilala nalo, hutaamka."

Alilitoa jiko mwenyewe, akarudi na blanketi.

Mama yule hakukosea. Makaa yawakapo penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Aivutaye husinzia, akadhani amepata joto. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Katika gathano, huwa ki jikoni.

Aghalabu somo la umetaboli huachiwa wanasayansi na lugha zao. Hata hivyo, mpangaji wa Ruiru anastahili kulisikia kwa Kiswahili: mwili wake tayari ni jiko. Kuni zake ni chakula, na mfuniko wake ni blanketi. Lile la makaa na libaki nje.