Gari la Watu Wanne

Mtu hupenda kwa macho kabla hajapenda kwa akili, wala mimi si wa namna nyingine. Mwaka 1997, nikiwa mtoto wa miaka minane, nilisimama juu ya kichuguu kando ya barabara ya vumbi katika Bonde la Ufa kuyangoja magari ya Safari Rally. Likaja wingu jekundu, na ndani yake ikatokea Subaru Impreza ya buluu, ikapita kama jiwe lililotupwa kwa kombeo. Aliyeiendesha alikuwa Mskoti, Colin McRae, mshindi wa mwaka ule. Vumbi lilitua, lakini sauti ya injini ilibaki masikioni mwangu, na nadhani haijatoka mpaka leo.

Sasa mimi ni mwalimu, nina mke na watoto wawili. Tulipokubaliana kununua gari kwa mkopo wa chama cha ushirika, hatukukubaliana ni gari gani. Mke wangu alitaka chombo cha kubeba watoto, gunia la mahindi litokalo kwa mama, na zaidi ya yote cha kumfikisha hospitalini mwana wetu mdogo, ambaye kifua humbana nyakati za baridi. Mimi nilitaka ile sauti.

"Baba Neema," akaniambia, "wewe wanunua utoto wako. Petroli atanunua nani?"

Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye kwa mwalimu mwenzangu, aliyekuwa akiuza stesheni-wagoni ndogo ya Impreza iliyoundwa Japani mwaka 2005. Uso wake ni wa ukoo ule ule wa gari la ndoto yangu, lakini paa lake huendelea hadi nyuma, na mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu. Viti vya nyuma vikilazwa, gunia la kilo 90 hujinyosha humo bila taabu. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,500 tu. Silinda zake nne hazikusimama wima kama katika magari mengi, bali zimelala, mbili upande huu na mbili upande wa pili, na pistoni huenda na kurudi kama ngumi za mabondia. Kwa hiyo uzito umekaa chini, na gari halilali sana katika kona. Tena nguvu ya injini hugawiwa magurudumu yote manne.

Hapo ndipo nionapo uzuri wa gari la namna hii kwa nyumba yenye watoto wachache. Gari la viti saba lingetubebea nafasi tupu, na gari la mbio la milango miwili lingebeba kiburi cha mtu mmoja. Nakiri kwamba petroli hula zaidi ya lile alilolitaka mke wangu, naye hunikumbusha kila tupitapo kituoni.

Usiku mmoja wa masika kifua cha mtoto kilibana. Barabara ya kwetu ni udongo mweusi, na mvua ilikuwa imeigeuza uji. Magurudumu manne yakang'ang'ana, tukafika hospitalini kwa wakati. Asubuhi tulirudi, mtoto akipumua vizuri, nami nimelewa furaha. Tulipoingia kwenye lami nilikanyaga mafuta kulipita lori mlimani. Mbele yetu likachomoza lori jingine. Nilirudi upande wangu kwa nafasi ambayo sipendi kuipima. Mke wangu hakusema neno. Alinyosha mkono nyuma akaushika mguu wa mtoto, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Mkopo umebakiza miezi saba. Jumamosi huliosha gari pamoja na Neema. Juzi, baada ya kutazama picha za Naivasha, ambako Safari Rally ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, aliniuliza kama gari letu laweza kukimbia vile. Nikamwambia laweza kiasi.

"Basi mbona kila matatu hutupita?"

Mama yake, aliyekuwa akianika nguo, alicheka. Nami nikainama kuendelea kusugua gurudumu.