Breki Kwanza: Eastlands na Magari ya Kasi

Kizazi kilichokulia Eastlands ya Nairobi, katika mitaa kama Buruburu, Jericho na Kaloleni, huikumbuka Safari Rally kwa majina ya madereva na ngurumo za injini; ni nadra breki kutajwa. Naamini hapo ndipo tulipopotoka. Mashindano hayo yalianza 1953, mwaka uleule ambao Jaguar ilishinda mbio za Le Mans kwa gari lenye breki za diski. Kwetu, somo hilo lilichelewa. Peugeot 404 ilishinda Safari mara nne kati ya 1963 na 1968 kwa uimara wake, ilhali ilikuwa na breki za ngoma. Ngoma hufunika joto ndani yake. Breki ikikanyagwa mfululizo, ngoma hupata joto kali na kutanuka, kanyagio likazama na gari likakataa kusimama. Peugeot 504, iliyozinduliwa 1968, ilikuja na diski mbele, zilizo wazi kwa upepo na hivyo hupoa haraka. Lakini sifa iliyovuma mitaani ilikuwa ya mwendo wa Peugeot, au Pijo, na nguvu zake za kubeba abiria.

Kisha ikaja zamu ya Subaru. Patrick Njiru aliipa jina hilo sura ya Mkenya, Colin McRae akashinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Impreza zilizotumika Japani zikajaa Umoja na Donholm. Baadhi ya matoleo ya STI yalikuja na breki za Brembo, ambazo kalipa zake za mbele zina pistoni nne za kubana padi sawasawa. Wahandisi hawakuziweka kwa urembo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati inayopaswa kugeuzwa kuwa joto huongezeka mara nne. Anayeongeza turbo kwenye Impreza ya kawaida na kuacha breki zake za awali amenunua mwendo asioweza kuuzima. Chuma kimebadilika, desturi ya kutanguliza injini imebaki ileile.

Hata mwenye Brembo hajasalimika, kwa sababu breki ni mfumo mzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Kiwango cha DOT 4 hudai mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishalowa unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo kanyagio hufika sakafuni bila padi kubana. Vivyo hivyo diski iliyokerezwa hadi ikapungua chini ya unene unaoruhusiwa hushindwa kubeba joto. Wala ABS haifidii kasoro hizo: kazi yake ni kuzuia magurudumu yasijifunge, na bado hutegemea padi nzima na tairi zinazoshika barabara.

Wapo watakaosema kwamba foleni na matuta ya Eastlands hayampi mtu nafasi ya kukimbia. Mchana, ni kweli. Lakini Thika Road ilipanuliwa, Outering Road ikafuata, na usiku foleni huisha huku watu wakiendelea kuvuka kwa miguu. Wengine watataja gharama. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama pesa zingekosekana kabisa, lakini mwenye uwezo wa kununua turbo na rimu za kung'aa hawezi kudai kwamba mafuta ya breki yamemshinda bei. Kuna pia wanaowalaumu mafundi wa jua kali. Lawama hiyo haina haki. Mafundi wa Kariobangi Light Industries na Grogan ndio walioyaweka magari yetu barabarani miaka yote hii. Fundi hawezi kufunga padi bora ikiwa mteja ameleta za bei ya chini na kumhimiza amalize upesi.

Kwa hiyo nawasihi vijana wanaopenda magari haya, nami nayaelewa mapenzi hayo, wabadili mpangilio wa matumizi: mafuta ya breki na padi kwanza, kisha diski na tairi, na injini iwe ya mwisho. Gari lisiloweza kusimama halistahili kuitwa la kasi. Ni hatari kwa kila anayevuka barabara.