Wahamao na Nyumba Yao

Wako watu duniani ambao nyumba yao hufungwa mizigo kama mtu afungavyo kitanda na sufuria zake. Hao ni wafugaji wa Mongolia, nchi kubwa iliyo kati ya Urusi na China. Msomaji, leo tuwafuate bwana na bibi wa huko, si watu fulani kwa majina, bali mfano wa wengi, tuone wanavyosafiri na wanavyoingia mjini wakati wa baridi.

Mali yao ni kondoo, mbuzi, ng'ombe, farasi na ngamia. Kila majira yana malisho yake, kwa hiyo huhama mara kadhaa kwa mwaka. Nyumba yao ni hema la mviringo liitwalo ger. Kuta zake ni fito zilizopishanishwa kama wavu, zikafunikwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa mpaka ikawa nene. Mlango hutazama kusini. Jiko la chuma hukaa katikati. Upande wa magharibi ni wa bwana na wageni, wa mashariki ni wa bibi na vyombo vyake. Kulisimamisha ni kazi ya saa chache tu. Zamani lilibebwa na ngamia au mikokoteni. Siku hizi wengi hutumia lori.

Baridi ya huko si kipupwe chetu. Usiku wa Januari hufika nyuzi 30 chini ya sifuri, na pengine hupita. Miaka mingine theluji na barafu hufunika majani kabisa, mifugo ikafa kwa njaa. Balaa hilo wenyeji huliita dzud. Katika baridi ya 2009 hadi 2010 ilikufa mifugo zaidi ya milioni 8. Katika ile ya 2023 hadi 2024, zaidi ya milioni 7. Basi mtu aliyeianza baridi na kondoo 300 akaimaliza na 50, atafanya nini? Bwana na bibi hushauriana. Pengine pana mtoto wa kupelekwa shule pia. Wanyama waliobaki huachiwa ndugu, hema likapakiwa, safari ya kwenda Ulaanbaatar ikaanza.

Ajabu ni kwamba mji huo nao ulikuwa mhamaji. Ulianza mwaka 1639 kama nyumba ya watawa wa Kibuddha iliyokaa mahemani, ukahama zaidi ya mara 20, hata mwaka 1778 ukatua kando ya mto Tuul, na hapo upo mpaka leo. Sasa karibu nusu ya watu wote wa Mongolia wanaishi humo.

Wageni wetu hutafuta mahali pembeni mwa mji, kwenye miteremko ya vilima, wakajenga ua wa mbao na kusimamisha hema ndani yake. Nyumba ni ile ile, na mlango hutazama kusini vile vile. Lakini maji sasa hununuliwa kwenye kibanda na kuburutwa nyumbani kwa madumu. Samadi kavu ya ng'ombe, iliyokuwa kuni yao kule nyikani, haipo. Lazima wanunue makaa.

Hapo ndipo penye shida kubwa. Nyikani moshi wa jiko moja huchukuliwa na upepo. Mjini majiko maelfu kwa maelfu huwaka pamoja ndani ya bonde, na hewa ya baridi huufunika moshi kama kifuniko cha chungu. Watoto ndio huumia kwanza, kwa kikohozi na homa ya mapafu. Mwaka 2019 serikali ilikataza mjini makaa ya mawe ghafi, ikaleta yaliyoshindiliwa kiwandani. Moshi ulipungua, lakini haukwisha. Tena kuanzia Januari 2017, kwa miaka michache, mji ulikataa kuandikisha wahamiaji wapya. Na asiyeandikwa alipata taabu kupata huduma za mji.

Wengi waliodhani watakaa baridi moja wamekaa miaka. Mhenga alisema, nyumba njema si mlango. Mgeni huyu hakuja mjini kuomba nyumba. Nyumba amekuja nayo. Anachohitaji ni maji karibu, moto usio na moshi, nafasi ya mwanawe shuleni, na jina lake kuandikwa kitabuni miongoni mwa wenyeji.