Kabla hujaunda kerneli

Mwanangu Akinyi,

Huku Homa Bay hatujambo. Nyanya amerudi kutoka Kendu Bay, goti limepoa, na anakusalimu sana. Kakako ananiambia unaunda kerneli yako mwenyewe ya Linux kwa ile laptopu kuukuu, na kwamba unazima kila usichokijua ili iwe nyepesi. Hapo ndipo nikashika kalamu.

Miaka yote niliyotunza kompyuta za shule nimeletewa mashine nyingi zilizofanyiwa hivyo. Zinawaka vizuri, lakini Wi-Fi haipo kabisa. Ukifungua faili la .config unakuta CFG80211 imezimwa. Huo ndio msingi wa mitandao isiyo na waya. Juu yake hukaa MAC80211, kisha draiva nyingi. Ukiuondoa msingi, draiva hizo zinatoweka kwenye menyu ya usanidi bila onyo, nawe utakesha ukizitafuta.

Kwa hiyo jua kwanza ulicho nacho. Andika lspci -k na lsusb, usome jina la chipu ya Wi-Fi. Kama ni kile kifaa cha USB chenye AR9271, draiva yake ni ath9k_htc, si ath9k, ingawa majina yanafanana kama pacha. Kichomeke kabla ya kuandika make localmodconfig, maana amri hiyo hubakiza moduli zilizopakiwa wakati huo tu. Kingine ukikileta kesho, hakitatambulika.

Draiva ya Wi-Fi iweke M, yaani moduli, usiweke Y. Ikijengwa ndani ya kerneli yaweza kuamka kabla diski haijafunguliwa, ikatafuta fimuwea yake katika /lib/firmware isiipate. Na AR9271 bila fimuwea haifanyi lolote.

Msimbo wa nchi wa Wi-Fi uwe KE. Najua vijana hufundishana kuweka wa nchi nyingine ili kuongeza nguvu ya mawimbi. Wewe usifanye. Masafa ya hapa yana sheria, na Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayoyasimamia. Hilo silijadili.

Kerneli ya zamani usiifute. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ibaki kwenye menyu ya GRUB hadi mpya ikupitishe wiki nzima ya masomo, Wi-Fi ikiwaka kila asubuhi. Ukikwama nipigie jioni, nitakuwa nyumbani. Na kakako, najua anasoma hapo begani mwako: asiiguse hiyo laptopu hadi umalize.

Shangazi yako akupendaye