Adui wa Tamthilia

Ukipita Hamugembe, Bukoba, jioni yoyote, utatukuta vijana kwenye kibanda cha gemu. Runinga mbili, pleistesheni mbili, benchi moja, na maoni yasiyo na idadi. Mmoja anacheza, sita wanamfundisha. Mechi ikiisha tunaingia kwenye siasa, na siasa ikichacha tunahamia kwenye tamthilia ya jana usiku.

Kwenye tamthilia sisi ni mahakimu wakali. Mbaya anapanga njama kwa sauti kubwa, mlango wazi, halafu nyumba nzima haisikii! Aliyeonekana chumbani ndiye mwizi, hakuna wa kumuuliza. "Hii haina mantiki, washikaji!" tunapiga kelele. Lakini mwaka 2024, bei ya robusta ilipopanda kupita kiasi, mmoja alisema ni kazi ya chama chake, mwingine akasema ni kelele za wapinzani. Ukame uliopiga mashamba ya Vietnam na kuitikisa bei kule soko la London hakuna aliyeutaja. Ukame hauna sura, hauwezi kuwa shujaa wala adui.

Mimi nilijiona nimepona ugonjwa huo. Naandika riwaya, bwana! Madaftari matatu yamejaa tangu nimalize kidato cha nne. Kumbe.

Nilikuwa na akaunti ya eFootball, ile gemu iliyoitwa PES mpaka 2021. Niliikuza miaka miwili kwenye simu, usiku kwa usiku, mpaka kikosi changu kikawa gumzo kibandani. Nikataka kuiuza ili nipate hela ya kuchapishia riwaya yangu kwenye kompyuta. Akajitokeza mtu, sauti tu kwenye simu, akaahidi shilingi 80,000. Akatuma 10,000 ya kishika uchumba, akaomba paswedi "aikague" kwanza. Nikampa. Usiku ule ule akabadilisha kila kitu, na namba yake haikupatikana tena. Kushtaki nisingeweza, maana kanuni za gemu yenyewe zinakataza kuuza akaunti.

Aibu ilinizidi. Nikatafuta aliyeonekana chumbani. Binamu yangu wa Muleba alikuwa amekuja Krismasi, akacheza na simu yangu siku mbili. Nikampigia shangazi, nikasema mwanao ameniibia. Niliieleza hadithi vizuri sana, kwa mpangilio, mpaka mwenyewe nikaiamini. Shangazi akamnyang'anya kijana simu, maneno makali yakapita, naye akaondoka kwenda kisiwani Goziba kuvua dagaa. Hakuaga.

Miezi miwili baadaye nilipanda haisi pale Rwamishenye, nikaenda Muleba kumsalimia babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanipa kahawa ya kutafuna, akaniacha nikae. Kisha akauliza, "Hiyo mali yako ina ufunguo?"

"Ina, babu. Maneno ya siri."

"Nani aliutoa?"

Nikatafuna. Sikujibu.

Akanisimulia habari ya butura. Msomaji wa kwetu anaijua: unamuuzia mchuuzi kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya njaa. Serikali imeipiga vita miaka nenda rudi, na bado ipo. Babu aliwahi kuuza hivyo, ada ya shule ikimkaba. Mavuno yalipokuja akamtukana mchuuzi kijiji kizima kikasikia. Alimtukana miaka kumi.

"Mchuuzi alikuwa mbaya kweli," alisema. "Lakini aliyekwenda kumgongea mlango ni mimi. Hilo sikulisimulia mtu."

Usiku huo sikulala. Nilikuwa na daftari la tatu mkobani, nikalisoma kwa tochi ya simu. Riwaya yangu ina tajiri mmoja. Mvua isiponyesha ni yeye, mtoto akifeli ni yeye, ndoa ikivunjika ni yeye. Nilikuwa nimeandika tamthilia ile ile ninayoicheka. Sisemi wabaya hawapo. Wapo, na aliyeniibia ananichezea kikosi mpaka leo. Lakini hadithi inayoanza na mbaya na kuishia na mbaya inamwacha msimulizi mtakatifu, na msimulizi huyo namfahamu.

Asubuhi nilimweleza shangazi ukweli wote. Hakunifokea. Aliendelea kupepeta maharage, akasema tu, "Simu yake ipo kabatini. Yeye ndiye hayupo."

Nimempa mvuvi mmoja barua aipeleke Goziba. Nilijaribu kueleza mengi, nikachana kurasa nne. Iliyobaki ina mstari mmoja: paswedi niliitoa mimi, ndugu yangu. Jibu bado. Mpaka litakapokuja, daftari la tatu naliandika upya.